Kopo la Mama Kopo

Jamani majirani, leo nina neno. Atakayeona namsema yeye, ndiye ninayemsema, na asikasirike, maana najisema na mimi.

Mchana ule mtaa ulikuwa umetulia. Fundi cherehani, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa kibarazani akishona sare za shule, mguu wa kulia ukikanyaga pedali. Mimi nilikuwa naanika nguo huku namtania kwamba suruali aliyomshonea mume wangu ina mguu mmoja mrefu. Akacheka, akainuka kufuata futi yake, akakanyaga sindano. Ilizama kwenye unyayo wa mguu uleule wa pedali. Akaichomoa, akafuta damu kwa kipande cha kitambaa, akaendelea na kazi.

Siku ya tatu mguu ulikuwa umevimba. Hospitali haiko mbali, lakini nyumba ile ilikuwa na hospitali yake. Mkewe tulimwita Mama Kopo, kwa sababu ya kopo la maziwa alimoweka vidonge vilivyobaki vya mtaa mzima. Ukipata nafuu kabla dozi haijaisha, unampelekea vilivyobaki, naye anavifunga kwenye karatasi na wewe unaandika juu: kikohozi, jipu, tumbo. Tulimsifu kwa huruma yake. Kumbe tulikuwa tunafuga nyoka, tena kwa zamu.

Akampa mumewe vidonge vyekundu, vitatu kila siku, siku tatu. Homa ikashuka, vidonge vikaisha, tukampongeza mama wa watu. Haikupita siku mbili homa ikarudi kwa hasira. Fundi akatetemeka, akaanza kumwita mama yake aliyekufa zamani. Hapo ndipo tulipombeba.

Daktari alikuwa mwanamke mpole, wa maneno machache. Alisema vijidudu vya kidonda vimeingia kwenye damu, na presha imeshuka vibaya. Kisha akauliza, "Kabla ya kuja hapa, amekunywa dawa yoyote?"

"Hata kidonge kimoja," akajibu Mama Kopo, akanitazama. Mimi nikatazama sakafu.

Wakamtundikia dripu ya dawa. Damu yake ikatiwa kwenye vichupa, ikapelekwa maabara, vijidudu viote vionekane ni vya aina gani na vinauawa na dawa gani. Tukasubiri. Siku ya tatu jibu likaja: hakijaota kitu. Wakati huohuo mgonjwa anawaka, mkojo umepungua kwa sababu figo zimeanza kuchoka, na weusi umetoka unyayoni unapanda kuelekea kifundo. Daktari akaketi kitandani, akauliza tena habari ya dawa, polepole zaidi. Mama Kopo akajibu vilevile.

Nilirudi nyumbani, hapakukalika. Nafagia, naacha ufagio; nabandika maji, nasahau mpaka sufuria inaungua. Mtaniuliza, wewe mwenye mdomo mrefu, kwa nini hukusema? Nitawaambia, na aibu yangu mnisamehe: nilihofu vile vyekundu ni vyangu. Nilikwenda kwao, nikafungua kopo. Juu kulikuwa na karatasi iliyokwisha vidonge, imeandikwa "jino". Mwandiko ulikuwa wangu. Niliambiwa ninywe vidonge vile siku saba; siku ya nne jino likatulia, nikajiona nimepona, nikavipeleka kwenye kopo.

Nikalipakata lile kopo mpaka wodini, nikaliweka mbele ya daktari.

"Amekunywa tisa," nikasema. "Vilikuwa vya jino langu."

Mama Kopo akasema kwa sauti ndogo, "Shoga, umenivua nguo mbele za watu."

"Afadhali uvuliwe hizo kuliko uvishwe za msiba."

Daktari hakutugombeza, na bora angetugombeza. Alieleza kwamba vidonge vile viliua vijidudu dhaifu na kuvizubaisha vingine, ndiyo maana havikuota chupani. Vilivyobaki hai huenda vimeizoea dawa ile, na dawa ya kwenye dripu ni ndugu yake. Akaibadilisha saa ileile. Fundi akaingizwa chumba cha upasuaji, kidonda kikasafishwa, na nyama ya ndani ikachukuliwa kupimwa. Safari hii vijidudu viliota, vikajulikana, na dawa yake ikapatikana. Homa ikashuka kweli, figo zikaamka.

Lakini mguu haukutungoja. Ulikatwa juu ya kifundo.

Siku hizi ukipita pale utasikia cherehani ikilia tena. Fundi anaongoza kitambaa, na Mama Kopo amekaa ubavuni mwake anakanyaga pedali. Akianza kulia mwendo unaharibika, na mumewe humwambia, "Polepole, mke wangu, mshono unapinda." Kopo sasa ni la vifungo. Mimi naanika nguo zangu palepale, tunasalimiana, tunazungumza. Ila ule utani wa suruali yenye mguu mmoja mrefu sijaurudia tena.

FUNZO

Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua. Na mficha dawa ni hivyohivyo. Dozi uliyopewa imalize kama ulivyoambiwa, hata ukijiona mzima. Vidonge vya mwenzako si vyako, na vyako usimgawie mtu. Huo si wema. Na daktari akikuuliza umekunywa nini, taja vyote, hata kama vimetoka kwa jirani. Aibu utaizoea. Mguu wa fundi uko wapi?