Jini Lililosingiziwa

Rozalia alipima maji ya moto kwa kiwiko, akajaza chupa, akakaza kizibo, akaivalisha soksi ya sufu na kuiweka karibu na miguu ya mwanawe Esta, aliyekuwa akitetemeka kwa homa. Akageuka kuchukua shuka. Alipoishika tena, chupa ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Soksi ilikuwa imekunjwa vizuri juu ya mto.

Chumbani hamkuwa na mtu mwingine.

Nje ukungu wa Juni ulikuwa umefunika mtaa wote wa Ipogolo, mchana kweupe. Kisha ikaja harufu. Mungu wangu, harufu ile angeijua popote! Ngozi ya mtu iliyoungua. Aliisikia wodini mwezi uliopita, kwenye kitanda cha mama yake, Benedicta, aliyepooza upande mmoja. Mguu uliokufa ganzi ulikutwa umeungua, kidonda kikaoza, mama akafa. Kasian, mume wa Rozalia na dresa, mfunga vidonda, wa wodi ile, aliwaambia watu kuwa jini limemchoma. Huku kwetu habari za majini tulizipata kwa madereva wa malori kutoka pwani, lakini watu waliamini. Rozalia naye aliamini.

Kasian aliporudi, ile chupa, ambayo Rozalia alikuwa ameihamishia mezani, ilikuwa ikitoa mvuke. Akageukia mlangoni, akaenda kumwita mzee Kalinga, mganga.

Mzee alikaa, akanusa, akatikisa kichwa. "Jini hili limekasirika," alinong'ona. "Limesingiziwa kazi ambayo halikuifanya. Sasa limekuja kuifanya kweli."

"Lifukuze, mzee," Kasian alisema.

"Nifukuze nini? Aliyelisingizia aende akaseme kweli palepale aliposemea uongo."

Rozalia akamtazama mumewe. Kasian alikuwa amegeuzia uso ukutani.

"Baba Esta. Ulimfanya nini mama yangu?"

"Alikuwa mkwe wangu," Kasian alisema kwa sauti ya chini. "Ningefunuaje blanketi lake? Niliisukuma chupa ndani huku nimegeuka. Sikuivalisha soksi. Sikurudi kuangalia."

"Na wenzako? Ulishindwa kumwita hata mmoja? Mguu usiosikia moto, unauachia chupa ya moto, halafu unaenda kunywa chai!"

"Nitafukuzwa kazi, Mama Esta."

Hapo mtoto akapiga yowe, na Rozalia alipofunua blanketi aliona kwenye mguu mdogo wekundu, mpana na mrefu kama ubavu wa chupa, ukipanda polepole kutoka kifundoni kuelekea gotini, na chupa yenyewe bado iko mezani, haijaguswa na mtu, na ile harufu imejaa chumba mpaka mzee Kalinga mwenyewe akarudi nyuma akiziba pua.

"Ufukuzwe!" Rozalia alifoka. "Ufukuzwe, ufungwe, sijali! Twende!"

Alimbeba Esta mgongoni, akamkamata mumewe kola, akampandisha mlima hadi mjini, hadi wodini. Mbele ya wagonjwa wote Kasian akasema: hakuna jini, ni mimi. Alipomaliza, Esta akanyamaza. Mguu wake ukapoa.

Kasian hakufungwa wala hakufukuzwa. Wakubwa wake walimhamishia wodi nyingine Mbeya, wakanyamaza. Rozalia alikataa kumfuata. Ile chupa aliiweka juu ya kabati, haina maji, haina kizibo, apate kumkumbuka mama yake na kumlaani mtu yule.

Mvua za kwanza zilipoanza, alipanda kigoda kufuta vumbi. Akaigusa chupa, akaurudisha mkono upesi. Ilikuwa ya moto.

"Mshenzi wewe, Kasian," alisema. "Umemuunguza nani tena huko Mbeya? Na umewaambia nini?"

Nyuma yake, kitandani, Esta alianza kulipiga teke blanketi.