Fomu Ambazo Hazikutumwa

Kila Alhamisi Tamsin alipotoka shule, alipitia kwanza kwa Bwana Wilfred Entwistle, aliyeishi ghorofa ya chini ya jengo lao mjini Salford, Uingereza. Hapo alimsubiri mama yake, Gwenda, dereva wa tramu, yaani treni ya barabarani, hadi atoke kazini. Mzee huyo alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu. Walikunywa chai kwa biskuti huku akimfundisha sehemu na desimali. Hawakuwa na undugu, ila Tamsin alimwita Anko Wilf.

Mwaka huo wenye nyumba katika jengo hilo, Gwenda akiwemo, walimlipa mkaguzi, naye akagundua kwamba paneli zilizofunika kuta za nje zilikuwa za kushika moto upesi. Kuzibadilisha kulipita uwezo wao. Hata hivyo, kulikuwa na mfuko wa serikali wa kuwasaidia watu kama wao, mradi fomu za wote zifike pamoja kabla ya mwisho wa Machi. Wakamkabidhi Anko Wilf kazi ya kuzikusanya. Mwezi Februari aliwatangazia mkutanoni kwamba ameshazituma, wakampigia makofi. Usiku huo Gwenda, ambaye kwa miezi mingi alilala na viatu vya Tamsin vikiwa mlangoni, tayari kwa kukimbia moto, alilala fofofo.

Alhamisi ya mwisho ya Machi, Tamsin alifungua droo ya Anko Wilf kutafuta rula. Akakuta bahasha nene isiyofungwa. Fomu ya juu ilikuwa na mwandiko wa mama yake.

Anko Wilf alitoka jikoni na birika, akaona alichoshika. Hakukana. Alikaa chini, akaeleza taratibu kwamba amepata mtu wa kununua nyumba yake ili ahamie karibu na binti yake. Fomu zingepelekwa, jengo lingeandikwa kuwa ni la hatari, na mnunuzi angekimbia. Mkataba ungesainiwa Jumatatu.

"Lakini mwisho wa kupeleka ni kesho," Tamsin alisema.

"Nitawaandikia waniongezee siku."

"Huyo mnunuzi anajua habari za paneli?"

"Hajaniuliza."

"Na sisi tulikuuliza, Anko. Ukatuambia umetuma."

Mzee aliangalia kikombe chake. "Tumekuwa marafiki miaka minne, Tam. Nyamaza mpaka Jumatatu tu, basi."

Tamsin alichukua mkoba wake na bahasha, akatoka bila kuaga. Alikaa kwenye ngazi. Kilichomuuma zaidi ni kwamba mtu aliyemfundisha kuhakiki kila jibu alikuwa amemtazama usoni majuma yote hayo, akimmiminia chai.

Mama yake aliporudi, alimkuta palepale. Tamsin alimweleza yote. Gwenda alisoma jina lake kwenye fomu, akashuka kwa Anko Wilf bila kuvua koti. Hakukaa sana. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Asubuhi alibadilishana zamu na mwenzake, akazipeleka fomu ofisini kwa mkono wake. Zilipokewa saa chache kabla ya maombi kufungwa.

Mnunuzi alijitoa. Anko Wilf alijiuzulu kazi aliyokabidhiwa na wenzake, na kila alipomwona Tamsin aligeuka akijifanya anatafuta funguo mfukoni. Mwezi Oktoba barua ilifika kwamba msaada umekubaliwa, na mafundi wakaanza kubandua paneli.

Tamsin hakufurahi kama wenzake. Jioni moja alimuuliza mama yake, "Mimi ndiye niliyemsaliti?"

Gwenda alizima redio. "Hapana, mwanangu. Alikuomba ufiche jambo ambalo lingeweza kutuunguza tukiwa tumelala. Mtu anayekupenda anaweza kukosea, lakini hana haki ya kukutwisha uongo wake. Kumpenda bado unaruhusiwa. Kumfichia, hapana."

"Sasa nimsalimie?"

"Msalimie. Kuitikia ni juu yake."

Asubuhi iliyofuata Tamsin alimkuta uani, akamwamkia. Mzee aliitikia kwa sauti ndogo, akimtazama machoni kwa mara ya kwanza tangu Machi.