Mguu Pande, Saa Kumi na Moja

Jioni yao ya kwanza Okinawa, Tessa Whitlow alidhani mwenyeji wao amebanwa na haja ndogo.

Walikuwa kwenye uwanja wa nyasi wa kituo cha jeshi la anga, mbele ya mlingoti wa bendera, na tarumbeta la saa kumi na moja lilikuwa limeanza kulia kwenye vipaza sauti. Asiyewahi kuishi kambini hawezi kujua wakati huo ulivyo. Magari husimama katikati ya barabara. Aliyebeba maziwa husimama na maziwa yake, watoto huacha mpira ujiendee, ugomvi wa mume na mke hukatwa pale ulipofikia, na kila uso hugeukia bendera mpaka ishushwe. Tessa alikuwa mke wa askari kwa miaka kumi na mmoja, na hii ilikuwa nyumba yake ya tano. Alisimama bila kuambiwa. Lakini Kiyoko Brandt, ambaye yeye na mumewe ndio waliopangiwa kuwapokea, alisimama mkono kifuani, macho kwenye bendera, na miguu ameipishanisha akaibana kwelikweli.

Tessa alicheka kimoyomoyo. Kiyoko alikuwa mtu mwema. Alikuwa amewalaki uwanja wa ndege, amewajazia friji, amewaazimia vitanda vya kituo kwa sababu vyombo vyao vilikuwa bado baharini. Mwenyewe ni mzaliwa wa kisiwa, na kijiji chao kiko ng'ambo tu ya ua wa kituo. Mtu kama huyo akibanwa, mwache abanwe.

Hattie, binti yao wa miaka sita, alikuwa amesimama peke yake ukingoni mwa uwanja, karibu na kile kichaka cha makaburi ya kale ambacho wajenzi wa kituo walikiacha bila kukigusa. Alisimama kama baba yake. Baba huyo, Royce, alikuwa amemfundisha tangu walipokuwa kwenye theluji ya Dakota: tarumbeta likianza ni mguu pande, miguu wazi upana wa mabega, mikono nyuma, kifua mbele, wimbo wa taifa ukianza ni mguu sawa, visigino vigongane. Majirani wa kule walikuwa wakitoka nje kumtazama tu. Royce hakuwa na mali nyingine ya kujivunia zaidi ya hiyo.

Ndipo nyasi zikalala. Zililala kwa mstari mmoja mwembamba kutoka kichakani, kama zinazokanyagwa na kitu kifupi chenye haraka, na mstari ule ukaenda moja kwa moja hadi kwa Hattie, ukapita katikati ya miguu yake. Pindo la gauni lake likainuka kidogo, likashuka. Upande wa pili wa mtoto nyasi zilikuwa wima.

Wimbo wa taifa ukaanza. Visigino vya Hattie havikugongana. Alianza kutembea, polepole, akizunguka uwanja katikati ya watu mia waliosimama kama nguzo, na Royce, mkono kwenye saluti, alisikia masikio yake yakiwaka moto kwa aibu.

"Shoga," Kiyoko alinong'ona bila kugeuza kichwa, "umeona nyasi?"

"Nyasi gani?"

"Basi. Upepo tu."

Lakini bendera ilikuwa imenyong'onyea mlingotini. Upepo haukuwepo.

Nyumba waliyopewa ilikuwa tupu, vigae vitupu, kuta tupu, na kila neno lilirudi kwa mwangwi. Siku ya pili ikaingia harufu. Tessa alikagua mabomba, akamwaga dawa kwenye sinki, akalaumu unyevu wa kisiwa. Mwishowe akakubali pua yake ilichokuwa ikimwambia: ni harufu ya banda la nguruwe baada ya mvua. Na ilikuwa kali zaidi utosini kwa Hattie, hata akitoka kuoga.

Mtoto mwenyewe hakuumwa popote. Hakulia, hakuuliza kuhusu rafiki zake wa Dakota, hakuuliza midoli yake iliyo melini itafika lini. Chakula chenye chumvi alikitema. Daktari wa kituo alimpima, akatabasamu, akasema ni uchovu wa safari na ugeni, mwili uko huku na saa za mwili ziko kule. Royce aliushika msemo huo kama mtu aliyeokolewa majini.

"Si umesikia? Uchovu."

"Royce, hajaniita mama tangu tufike."

"Ataita. Mtoto wa askari huyu. Mpe muda."

"Na tarumbeta? Mbona hasimami tena? Jana ulimshika mabega, akaendelea kupiga hatua palepale, mahali pamoja!"

Jambo hilo lilimuuma Royce kuliko alivyotaka kuonyesha, naye alikuwa mtu ambaye kitu kikimuuma hupiga viatu rangi. Alikwenda kupiga viatu rangi.

Adhuhuri moja, Hattie amelala kwenye kochi la kuazima na Tessa ameketi sakafuni karibu yake akikunja nguo, ikaja sauti kutoka chumba cha mtoto: ko, ko, ko, vitu vidogo vigumu juu ya vigae. Tessa aliacha kukunja. Sauti ikatoka chumbani, ikashika ukumbi, ikasimama kana kwamba inamtazama, kisha ikaja, ko, ko, ko, kwato bila mguu na mguu bila mwili, ikapita karibu na goti lake kiasi kwamba alihisi pumzi ya moto na kusikia mkoromo mfupi wa kitu kilichochoka kuzurura na sasa kinarudi kwake, ikapanda kochi ambalo mto wake ulibonyea wenyewe, na hapo ikanyamaza, na Hattie, ambaye macho yake yalikuwa bado yamefumbwa, akakoroma mkoromo uleule.

Tessa hakupiga kelele. Alijikuta nje, hana viatu, anagonga mlango wa Kiyoko kwa ngumi zote mbili.

"Kwa nini unabana miguu?" aliuliza mlango ulipofunguka. "Tarumbeta likilia. Kwa nini?"

Kiyoko alianza kucheka, akauona uso wa mwenzake, kicheko kikamfia mdomoni. "Ingia. Hapana, usiingie, nenda kamchukue mtoto, tunaondoka."

Garini alieleza, huku akiendesha vibaya. Kisiwani kuna jini wanaloliita majimun. Liko la bata, liko la nguruwe. Likikupita katikati ya miguu, roho yako inadondoka palepale uliposimama, na lenyewe linakaa mahali pake. Ndiyo maana watoto wa kijijini kwao, wakipita penye makaburi, hufundishwa kupishanisha miguu.

"Na hukuniambia!"

"Ningekuambiaje, shoga? Karibuni Okinawa, maziwa haya, mikate hii, na tafadhali baneni miguu? Si mngecheka mpaka mgaegae? Mimi mwenyewe nabana kwa mazoea tu, sikuwa naamini." Akakanyaga breki kwa kuchelewa. "Nilijiambia siamini. Nisamehe."

Walipofika kijijini, bibi yake Kiyoko, Bibi Chiru, alikuwa kibarazani anamenya tikiti chungu na kumsuta paka. Alimtazama Hattie, akaweka kisu chini. Hakumgusa. Alimnusa kwa mbali, akaongea na mjukuu wake kwa sauti ya chini sana.

"Anasema mtoto huyu ni nyumba yenye mpangaji," Kiyoko alitafsiri. "Mwenye nyumba yuko nje, kwenye nyasi, ananyeshewa. Bado yupo. Lakini hatangoja sana. Roho ya mtoto ikikosa kuitwa huifuata njia iliyokuja nayo, na nyie njia yenu ilivuka bahari."

Tessa alianza kulia. Bibi Chiru alimpiga begani, si kwa upole.

"Anasema utalia baadaye. Kesho, pale pale, saa ile ile. Lete gauni alilovaa. Mama ataita, baba atamshika mkono. Jini likitoka litatafuta mlango wa kwanza litakaouona, kwa hiyo kila aliye karibu abane miguu. Asiibandue mpaka bendera ishuke. Na asiinue kichwa."

Royce alisikiliza yote hayo usiku akiwa amesimama jikoni, na alipomaliza kusikiliza alisema, "Mimi? Nibane miguu kama mtoto wa chekechea, nimevaa sare, mbele ya kanali?"

"Ndiyo."

"Tarumbeta likiwa linalia?"

"Royce, mwite."

"Nini?"

"Mwite binti yako. Mwite uone."

Royce aliita. Hattie alikuja kutoka ukumbini, ko, ko, ko, peku kwenye vigae, akasimama mbele yake akamtazama kwa macho yasiyomjua. Royce alifunika uso kwa mikono. "Nitabana," alisema. "Mungu wangu, nitabana."

Kesho yake walikuwa ukingoni mwa uwanja, karibu na kichaka, mbali kidogo na wengine. Royce alikuwa ametoka kazini moja kwa moja, sare na buti, amemshika Hattie mkono. Kiyoko alibana. Bibi Chiru alibana, akafumba macho. Tessa alipiga magoti mahali ambapo binti yake alisimama siku ile, akatandaza gauni, akaweka juu yake mchele na chumvi na vijiwe vitatu vya palepale.

Tarumbeta likalia. Magari yakasimama. Watu wakageuka.

Tessa peke yake ndiye aliyekuwa akitembeza mikono katika kituo kizima, akikusanya hewa juu ya nyasi na kuimimina kwenye gauni, akiita kama alivyofundishwa, roho, roho, mfuate mama, na alijua macho yanamwangalia na hakujali, aliita kwa jina la Hattie na majina ya nyumbani ambayo hakuna mtu mwingine aliyeyajua, aliita huku harufu ya banda ikimjaa puani hadi akatapika pembeni akaendelea kuita, na juu ya kichwa chake alisikia mkoromo ukigeuka kuwa mlio mrefu wa nguruwe anayeburutwa, na kwato zikaruka chini, na nyuma yake, katikati ya mlio huo na tarumbeta, akasikia kishindo kifupi cha buti moja ikikanyaga nyasi. Hakuinua kichwa. Alikuwa amekatazwa. Gauni likawa zito mikononi mwake, zito na vuguvugu, akalikunja, akafunga fundo.

Bendera ikashuka. Kukawa kimya. Harufu ikawa imeondoka.

"Mama," Hattie alisema, "mbona umetapika?"

Jioni hiyo walisherehekea. Hattie alivalishwa lile gauni na kulala nalo, baada ya kumaliza pakiti nzima ya viazi vya chumvi na kuuliza mara tatu kuhusu midoli yake. Kiyoko alikuja na bia, akacheka, akalia, akacheka. Royce alikaa kochini akitabasamu. Hakula sana.

"Ulibana?" Tessa alimuuliza walipobaki wawili.

"Nilibana."

"Nilisikia buti."

"Nilibana, Tessa," alisema kwa upole, akaenda kulala bila kupiga viatu rangi. Tessa aliona hilo, akaliweka kando. Mtu akirudishiwa mtoto wake hahesabu mengine.

Siku iliyofuata alikuwa barazani na Hattie wakimngoja Royce atoke kazini. Barabara ilikuwa imejaa watu na magari, na Hattie alikuwa akimwonyesha mama yake alivyojifunza kwa shangazi Kiyoko: kusimama kama askari, lakini miguu imepishana.

Tarumbeta likalia. Hattie akapishanisha miguu. Magari yakasimama yote. Mama mmoja mwenye kigari cha mtoto akasimama, wanaume waliokuwa wakikimbia mazoezi wakasimama, jasho likiwatiririka, na barabara nzima ikawa kimya isipokuwa lile tarumbeta.

Mbali, katikati ya watu waliosimama, mtu mmoja mwenye sare alikuwa akitembea. Alikuja akiwapita mmoja mmoja bila haraka, kofia kichwani, mikono ikining'inia. Alikuwa ametumikia jeshi miaka kumi na minane na hakuwahi kukosa kusimama hata siku moja, hata siku ya msiba wa mama yake.

"Mama," Hattie alinong'ona, mkono kifuani, "mbona Baba hasimami?"

Tessa alimvuta mtoto nyuma yake, akabana miguu. Harufu ilifika kabla yake.