Kiti cha Udaktari

Mtandao ulianguka saa nne na robo asubuhi, na saiba nzima ya Harish ikaguna kwa pamoja. Ilikuwa siku ya mwisho ya kuchagua kozi za vyuo vikuu. Foleni ilianza mezani kwa Harish, ikashuka ngazi, ikatokeza hadi barabarani Kisii mjini, na kila aliyesimama humo alikuwa ameshika karatasi ya matokeo yake kama tikiti ya kuokolewa.

Mong'ina alikuwa amefika tangu saa mbili kutoka Ekerenyo. Alivaa sketi ya mama yake ya kanisani, ya samawati iliyokolea, na sweta ya shule aliyoibandua beji, ingawa nyuzi za beji bado zilionekana kifuani. Macho hayakuacha karatasi.

"Sista, ukizidi kuikodolea hivyo itashika moto," sauti ikasema nyuma yake.

Aligeuka. Kijana mrefu, shati la manjano lililopigwa pasi likanyooka, raba nyeupe zisizo na tone la matope ingawa mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Alinukia sabuni. Alikuwa anachungulia karatasi yake bila haya.

"A ya kutoa, pointi sabini na tisa! Ngoja, si wewe ndiye yule msichana wa Ekerenyo waliyembeba kwa kiti?"

"Umejuaje?"

"Video ilifika hadi kwetu Suneka. Niambie ukweli, ulikuwa unalia ama unacheka?"

"Vyote," Mong'ina akasema, akashindwa kuzuia tabasamu. "Kiti chenyewe kilikuwa kinayumba."

Kijana akacheka hadi watu wakageuka. Jina lake lilikuwa Ogeto, mwana wa Mzee Ogoti wa Suneka, na alikuwa amesoma shule moja kubwa ya bweni. Mong'ina alipomwomba naye aonyeshe karatasi yake, aliitoa mfukoni polepole, imekunjwa mara nne. A safi. Pointi themanini na moja.

"Ai! Na unatembea nayo mfukoni kama risiti ya sukari? Kemia uliiwezaje? Ile karatasi ya pili ilitaka kuniua."

"Nilisoma tu," Ogeto akasema, akatazama pembeni.

Mtandao uliporudi, Harish aliwaketisha wawili wawili ili foleni isonge. Ikawa Ogeto hajui hata aanzie wapi. Mong'ina ndiye aliyekuwa amezikariri nambari za kozi zote za udaktari nchini tangu kidato cha pili, akiwa katika shule ya kutwa isiyo na maabara, ambako mwalimu wa kemia alichora chupa na mirija ubaoni akawaambia wafikirie rangi zinavyobadilika. Hakuna aliyewahi kupata A katika shule hiyo kabla yake. Alijaza fomu yake, kisha akavuta kibodi ya Ogeto.

"Unataka nini kwanza?"

"Unachotaka wewe."

"Wacha mchezo. Haya ni maisha yako."

"Sichezi. Weka udaktari, chuo kile kile. Nani atakataa kukaa na wewe darasani miaka sita?"

Kwa hiyo chaguo la kwanza la Ogeto liliandikwa na vidole vya Mong'ina.

Miezi iliyofuata walipendana kwa simu. Mong'ina alikuwa na kabambe tu, simu ndogo ya vitufe ya mama yake, na pale nyumbani mtandao ulishika sehemu moja, juu kabisa ya shamba la chai. Kila jioni baada ya majani kupimwa kituoni, alipanda huko na kikapu kitupu mgongoni, vidole vikiwa vyeusi kwa utomvu.

"Daktari wangu, umeshindaje?"

"Usiniite hivyo. Bado hatujaitwa."

"Kwani huko kwenu wanakuitaje?"

Mong'ina akacheka, maana Ekerenyo yote ilimwita daktari. Waendesha bodaboda walimpigia honi, "Daktari!" Kina mama walimsimamisha njiani wakamwonyesha miguu iliyovimba. Mzee Onchiri, shemasi wa kanisa, alimtaja kila Sabato kwenye maombi.

"Basi nitakuita mpenzi," Ogeto akasema. "Hilo halingoji serikali."

"Una maneno wewe!"

"Na mapenzi je?"

"Kata simu, mama ananiita." Lakini hakukata, na mama hakuwa amemwita.

Mara mbili walikutana mjini. Mara ya pili Ogeto alimnunulia blauzi nyeupe ya mtumba yenye kola ya duara, na Mong'ina akaivaa hapo hapo juu ya nguo yake. Ogeto alimtazama, utani ukamwisha. "Nitakuoa mimi," akasema kwa sauti ndogo. Mong'ina alimpiga kofi la begani, akaenda nyumbani bila kuivua blauzi.

Mwishoni mwa Juni ujumbe ukaingia kwenye kabambe. Mong'ina aliusoma mara tatu katikati ya mistari ya chai. Shahada ya Elimu, Sayansi. Siku hiyo hiyo alienda saiba kuthibitisha, na Harish akamgeuzia skrini. Mwaka huo, kwa pointi za masomo manne ya kozi, udaktari ulikuwa umefunga kwa arobaini na tatu nukta moja. Yeye alikuwa na arobaini na mbili nukta tisa.

Mama yake, Edinah, alikuwa akimenya ndizi alipoambiwa. Kisu kilisimama, kisha kikaendelea. "Ualimu ni kazi, mama," akasema. "Watu wanakula." Lakini usiku huo hakula.

Ogeto alikuwa ameitwa udaktari.

"Nimefurahi kwa ajili yako, mpenzi," Mong'ina alimwambia kwenye simu, na alimaanisha. "Mmoja wetu ameingia."

"Mong'ina, nitakupigia," Ogeto akasema, simu ikakatika.

Hakupiga. Siku tatu, wiki, wiki tatu. Mong'ina akipiga, inaita hadi inachoka. Rafiki yake Celestine, aliyekuwa na jamaa Suneka, akamletea habari kwamba kwa Mzee Ogoti kulifanywa sherehe ya kumuaga daktari, hema mbili na spika, na Ogeto alivaa suti ya kijivu.

"Wewe ni mwalimu sasa, dada," Celestine akasema kwa huruma iliyochoma. "Madaktari huoa madaktari."

Mong'ina aliacha kupanda shambani jioni.

Alhamisi moja ya Agosti alikuwa Daraja Mbili na mama yake, wameketi nyuma ya mikungu yao ya ndizi, soko limejaa hadi njia hazionekani. Edinah aliondoka kutafuta chumvi. Viatu vikasimama mbele ya ndizi. Raba nyeupe, safari hii zimejaa tope.

"Ndizi hatuwauzii madaktari," Mong'ina akasema bila kuinua uso.

"Mong'ina."

"Nenda, Ogeto. Nimeelewa. Si lazima uje kunieleza."

"Hujaelewa." Alichuchumaa mbele yake, katikati ya watu, suruali ikaburuzika kwenye maganda. Alikuwa amekonda. "Hujaelewa hata kidogo. Mtihani ulitufikia kabla."

"Mtihani gani?"

"Wetu. Asubuhi nne, kabla ya chai. Mwalimu mmoja alituita kwenye maabara, akafunga mapazia, akaandika maswali ubaoni na majibu yake. Fizikia, hesabu, baiolojia, kemia. Mimi nilikuwa mtu wa B ya kutoa tangu kidato cha kwanza. Nilijua ni vibaya. Nilikaa mstari wa mbele ili nione vizuri."

Mwanamke mmoja aliuliza bei ya mkungu. Mong'ina akaitaja. Mwanamke akaondoka.

"Mlikuwa wangapi?"

"Arobaini na watatu."

"Walioitwa udaktari?"

"Saba. Mimi ni mmoja wao."

"Mimi nilikosa kwa nukta mbili, Ogeto."

"Najua. Uliponiambia umefurahi kwa ajili yangu, nilijifungia chumbani siku nzima. Ningekupigia nikuambie nini?"

"Kwa hivyo hukuwa unanidharau."

"Kukudharau? Nilikuwa naogopa uso wako."

Mwezi mzima Mong'ina alikuwa ameomba asikie neno kama hilo, kwamba hakuachwa. Sasa amelisikia, na halikumfaa kitu. Alikumbuka mirija ya chaki ubaoni. Alikumbuka vidole vyake kwenye kibodi.

"Mimi ndiye niliyekujazia fomu," akasema. Kisha akasema tena, kana kwamba ameyasikia kwa mtu mwingine. "Nilikujazia kwa mkono wangu. Ondoka kabla mama hajarudi."

Alikaa wiki mbili bila kushika simu. Siku moja kabla ya kusafiri kwenda chuoni, alikuwa akichuma chai peke yake, kwa sababu hakuweza kukaa ndani na sanduku lililofungwa, akamwona Ogeto anapanda kilima kwa miguu. Hakuwa na suti wala shati la manjano. Alivaa fulana iliyofifia.

"Nimekikataa," akasema kabla hajafika karibu. "Kile kiti cha udaktari. Nimeandika barua chuoni na kwa baraza la mitihani, nikaeleza yote, na jina la mwalimu nikalitaja. Mzee hasemi nami. Amesema nimemuua akiwa hai."

Mong'ina alitua kikapu. "Na kiti amepewa nani?"

"Hakuna. Niliuliza. Niliwaambia kuna msichana mwenye arobaini na mbili nukta tisa. Wakasema haifanyiki hivyo, nafasi zimefungwa. Mwaka huu kitabaki hivyo hivyo."

"Kitupu?"

"Kitupu."

Hapo ndipo hasira ilipompanda Mong'ina kweli, kuliko hata ile ya sokoni. "Kwa hivyo wewe hukikalii na mimi sikipati! Umenifanyia nini basi? Umekuja nikupongeze?"

"Sikujua kitu kingine cha kufanya," Ogeto akasema, akaanza kulia, waziwazi, bila kuficha uso.

Alimwacha alie. Jua lilikuwa kali, na upande wa pili wa bonde watu walikuwa wakiimbishana wakichuma. Mwishowe alimwendea, akamshika kichwa kwa mikono yake myeusi, akakiegemeza begani. Walisimama hivyo muda mrefu. Alinukia sabuni ile ile, na Mong'ina alitambua kwamba bado anampenda, na kwamba kumpenda huko hakukubadilisha nukta hata moja.

"Nimekusamehe," akamwambia. "Sikudanganyi. Nimekusamehe."

"Basi ningoje. Nitarudia mtihani. Mwaka huu usajili umefungwa, nitafanya mwakani, kwa kichwa changu. Ukimaliza chuo nitakuja kwenu na wazee."

Mong'ina alimfuta machozi kwa upindo wa leso yake, akaacha alama ya utomvu shavuni pake.

"Nikikaa na wewe nitakuwa nahesabu," akasema. "Ukinipikia chai nitahesabu. Tukipata mtoto nitamwangalia nikihesabu. Sitaki kuwa mke wa namna hiyo, na wewe hutaki kuwa naye."

"Utazoea. Itaisha."

"Labda. Lakini siwezi kuolewa nikingoja iishe."

Kesho yake alivaa blauzi nyeupe yenye kola ya duara, kwa kuwa ndiyo nguo nzuri aliyokuwa nayo. Ogeto alibeba sanduku hadi stejini, akamsalimu Mama Edinah kwa heshima, akasimama kando. Mwendesha bodaboda mmoja akapiga honi, "Daktari, safari njema!" Hakuna aliyemrekebisha.

Mwaka wote uliofuata Ogeto alibeba mikungu Daraja Mbili mchana na kusoma jioni. Mzee Ogoti alimruhusu alale jikoni. Novemba alifanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, katikati ya watoto waliomzidi kwa matumaini. Mong'ina aliyajua haya kupitia kwa Celestine, bila kuuliza.

Januari, akiwa mwaka wa pili chuoni, simu yake iliita nje ya ukumbi wa mihadhara.

"Ni mimi," Ogeto akasema. "Yametoka."

Mong'ina aliibana simu sikioni kana kwamba matokeo ni yake. "Sema."

"B. B tupu. Pointi sitini na mbili." Alicheka, kicheko kikakatika katikati. "Ni zangu, Mong'ina. Zote ni zangu."

"Kemia?"

"C ya kujumlisha. Nimeomba uuguzi, chuo cha matibabu. Wanasema nitapata."

"Utakuwa nesi mzuri. Una mdomo, wagonjwa watacheka."

"Uko na mtu?"

"Hapana."

"Basi nije? Nikuone tu."

Wanafunzi walimpita Mong'ina wakiingia darasani, wengine wakijadili mazoezi ya kufundisha. Alifikiria shati la manjano na foleni iliyoshuka ngazi. Alijaribu kumfikiria Ogeto mlangoni, hapa, na kabla uso haujakamilika hesabu ikawa imeanza. Saba walioitwa. Nukta mbili.

"Usije, Ogeto," akasema.

Ogeto hakukata simu, wala yeye hakukata.

"Niambie baiolojia ulipata nini," Mong'ina akasema.

"B ya kujumlisha."

"Hesabu?"

"C ya kujumlisha. Swali la mwisho sikuligusa."

"Kiswahili?"

"A ya kutoa."

"Mbuya mono," akamwambia. Vizuri sana.

Waliendelea hivyo, somo moja baada ya jingine, yeye akiuliza na mwenzake akijibu, hadi masomo yote saba yakaisha, na wakawa hawana kingine cha kuulizana.