Mkeka Chini ya Kofia

Auristela alianza kusuka kabla jua halijachomoza, kama wanawake wote wa kijiji cha Cerro Bajo. Ukindu wa kofia haupendi joto. Jua likipanda, unakauka na kukatika vidoleni. Kwa hiyo ilipofika saa kumi na moja alfajiri alikuwa amekwisha kunywa kahawa yake. Aliinamia kigogo cha kusukia chenye miguu mitatu, kifua juu ya mto mdogo, kichwa kikitokeza upande wa pili, macho chini, vidole mbio. Kila mara alichovya vidole kwenye bakuli la maji, kisha akaendelea.

Fausto, kitinda mimba wake, naye aliamka mapema. Alikuwa na miaka miwili na miezi mitano. Auristela alimpa bonge la ndizi iliyopondwa na karanga, akamketisha mbele ya televisheni, akaiwasha. Mtoto alitulia tuli. Televisheni hiyo ilisema tangu alfajiri mpaka jioni: katuni, habari, matangazo, halafu tamthilia za bibi yake Fausto. Kofia moja nzuri huchukua miezi, na mtu hawezi kusuka huku anamkimbiza mtoto uani.

Jambo moja tu lilimnyima raha Auristela. Fausto hakuwa akisema. Hakusema mama, hakusema baba. Akitaka kitu, alivuta sketi ya mtu na kulia. Watoto wa jirani wa umri wake walikuwa wanaomba, wanakataa, hata matusi wanayajua. Shangazi mmoja wa Fausto alianza kumwita "bubu wetu," tena kwa kicheko. Auristela alicheka naye siku ile, halafu akaingia jikoni kulia peke yake.

"Ataongea tu," alisema Galo, mumewe, ambaye alikuwa mkulima wa karanga na mahindi. "Wanaume wa kwetu tunachelewa. Mimi mwenyewe nilichelewa."

"Ulichelewa, ndiyo," alisema mama yake, Mama Eudocia. "Ila tangu uanze hatujapumzika."

Jumanne moja alikuja Nelcy, mhudumu wa afya, kupima watoto uzito. Alimweka Fausto kwenye mizani, akamrudisha chini.

"Dada Auristela, huyu anasema maneno mangapi?"

Vidole vya Auristela vilisimama. "Hata moja," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Nelcy hakukunja uso. Alikwenda nyuma ya mtoto, akagonga kikombe kwa kijiko. Fausto akageuka.

"Inaonekana anasikia. Lakini tusikisie. Mpelekeni mjini Montecristi wampime masikio sawasawa."

Wakampeleka. Masikio yalikuwa mazima kabisa. Badala ya kutulia, Auristela alizidi kuogopa. Kama masikio ni mazima, basi kasoro ni nini? Usingizi ulimpaa kwa siku kadhaa.

Wiki iliyofuata Nelcy alirudi asubuhi na mapema. Safari hii hakupima kitu. Aliomba kahawa, akakaa pembeni akitazama tu. Auristela anasuka. Mama Eudocia anamenya ndizi. Galo ananoa jembe mlangoni. Dayra, binti yao wa miaka kumi, anavaa sare ya shule huku macho yake yako kwenye katuni. Fausto amekaa chini, mdomo wazi, mwanga wa televisheni unamcheza usoni.

"Tangu nifike, nani amezungumza na Fausto?" Nelcy akauliza.

"Tivii inazungumza naye kutwa," alijibu Auristela. "Tena Kihispania safi kuliko changu mimi. Nilidhani atajifunza humo."

"Wengi wetu tunadhani hivyo. Lakini nikuulize. Fausto akitoa sauti, tivii inamjibu?"

"Itamjibuje, dada?"

"Akinyoosha kidole kwa kuku, inamwambia 'Ee, kuku huyo, anakula mahindi'?"

Mama Eudocia aliacha kumenya.

"Mtoto mdogo hujifunza kusema kwa mtu anayemtazama," alisema Nelcy. "Anaona mdomo, anaona macho. Anajaribu sauti, mtu anamrudishia. Ni kama kurushiana mpira. Tivii inarusha tu, haidaki."

"Kwa hiyo ni mimi niliyemfanya bubu?"

"Hapana, dada, usijipige hivyo. Watoto huchelewa kwa sababu nyingi, na sababu ya Fausto siijui bado. Ninachojua ni kwamba saa anazokaa na tivii ni saa asizozungumza na mtu. Jaribuni kuizima mwezi mmoja, mpaka sikukuu ya Petro na Paulo. Nyumba nzima. Na leo hii namwandikisha kwa mtaalamu wa usemi, maana foleni yake ni ndefu. Hatutakaa tukisubiri bahati."

Mama Eudocia alishika kiuno. "Mwezi mzima! Na yule bibi harusi wangu wa tamthilia, ambaye mume wake amefufuka juzi? Nitajuaje yaliyompata?"

"Na mimi je?" alilalamika Dayra. "Mimi si nasema!"

"Wewe unasema hata ukilala," alisema Galo. Akatafuta gunia tupu la karanga, akaifunika televisheni.

Asubuhi ya kwanza nyumba ilikuwa kimya kiasi cha kutisha. Auristela alisikia ukindu ukipita kati ya ukindu. Alisikia matone ya maji yakidondoka kutoka vidoleni mwake. Miaka kumi na nane alikuwa akisuka, na hakuwa ameisikia kazi yake ikitoa sauti tangu walipoleta televisheni. Halafu akasikia kitu kingine nyuma yake.

"Mm. Mm. Da."

Akainua kichwa. Fausto alikuwa ameshika ganda la ndizi, analigeuza, analisemesha. Kumbe mtoto ana sauti! Alikuwa nazo siku zote, televisheni ikazimeza. Vinyweleo vya mikono vilimsimama Auristela. Alitaka kumwita, lakini ukindu ukamponyoka na mstari mzima ukalegea. Ikabidi ainame tena.

Hapo ndipo ugumu ulipoanza. Kusuka ni kazi ya kuinama. Auristela alimsemesha mtoto huku ameinama, na mtoto akaona utosi tu. Fausto akachoka. Akaenda kuvuta gunia, akalia. Kesho yake akalia zaidi. Siku ya tano Auristela alitoka kufua, akakuta gunia liko sakafuni na televisheni inaunguruma. Mama Eudocia na mjukuu wake walikuwa wamekaa bega kwa bega.

"Usinitazame hivyo," alisema mama mkwe. "Amelia mpaka akapaliwa. Miguu yangu haiwezi kumkimbiza. Nimeshindwa, mwanangu."

Auristela hakuwa na nguvu ya kumlaumu. Yeye mwenyewe alfajiri ile mkono wake ulikuwa umefika kwenye swichi, ukarudi.

Jumanne Nelcy alipokuja walimwambia ukweli wote. Nelcy alisikiliza, akacheka kidogo kwa habari ya mume aliyefufuka. Kisha akakizunguka kigogo cha kusukia kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Inama kama unavyosuka," alimwambia Auristela.

Akainama.

"Sasa uso wako unatazama wapi?"

"Chini. Wapi tena?"

"Basi chini ndiko mtoto akae."

Mama Eudocia ndiye aliyeondoka kwanza. Alileta mkeka wake wa kulalia, akautandika kati ya miguu mitatu ya kigogo. Fausto alichungulia, akaingia kwa magoti kama mtoto anayeingia pangoni. Akalala chali, kichwa kikitokeza upande wa pili.

Uso wa mama yake ulikuwa pale pale juu yake, kiasi cha mkono mmoja tu.

Walitazamana. Auristela aliona vitone vya kahawia ndani ya macho ya mwanawe, ambavyo hakuwahi kuviona. Fausto naye aliutazama ule mdomo unavyofunguka, zile nyusi zinavyopanda, kana kwamba ndiyo siku ya kwanza anaonyeshwa dunia. Akainua mkono taratibu, akamgusa mama yake midomo. Vidole vya Auristela viliendelea kusuka vyenyewe.

"Sema unachokifanya," Nelcy alinong'ona. "Maneno machache, yale yale. Kisha nyamaza. Hesabu kimoyomoyo mpaka tano, umpe nafasi. Akitoa sauti yoyote, mjibu kama ameongea."

Auristela alichovya vidole. "Maji," alisema. Tone moja lilidondoka kwenye paji la uso la Fausto. Mtoto akashtuka, kisha akacheka mpaka tumbo likatikisika.

Kuanzia siku hiyo kila alfajiri ilikuwa hivyo. Maji. Tone. Kicheko. Kimya cha kuhesabu tano. Jua lilipopanda, Mama Eudocia alimchukua mjukuu uani. Aliwapa kuku wote majina ya watu wa tamthilia yake, na jogoo akawa yule mume aliyefufuka. "Tazama, mume wangu," alimwambia Fausto, kwa maana ndivyo alivyomwita, "yule mnafiki anakuja!" Dayra aliacha kununa. Alichukua mabaki ya ukindu akasuka ndege, farasi na kitu alichosema ni ng'ombe. Jioni Galo alipotoka shamba, walikaa wote mlangoni wakibangua karanga. Wakagundua kwamba Dayra ni hodari wa kuigiza walimu. Galo alimtazama binti yake kwa mshangao. Miaka yote hiyo walikula chakula cha jioni pamoja, na hakuwa amejua.

Wiki ya tatu, alfajiri moja, Auristela alifika mahali pagumu, pale ukingo wa kofia unapoanza kutandazwa. Akili yake yote ilikuwa vidoleni. Alisahau kuongea. Ukindu ulianza kukauka, akapeleka mkono kwenye bakuli bila kutazama. Vidole viligusa ukavu.

"Mai," ilisema sauti kutoka chini.

Kule jikoni mfuniko wa sufuria ulianguka. Mama Eudocia alitokea mlangoni, mkono mdomoni.

Fausto alikuwa amenyoosha kidole kuelekea bakuli. Alimtazama mama yake machoni, akamsubiri, kama naye anahesabu mpaka tano. Kisha akasema tena, kwa subira ya mtu mzima anayemweleza mjinga:

"Mama. Mai."

Auristela alipiga magoti, akaingia na yeye chini ya kigogo. Alimkumbatia, akalia, akacheka. Alikuwa amezaa mara mbili na kuona mengi, lakini ajabu kama hii hakuwahi kuiona. Jana neno halikuwapo. Leo lipo, na hakuna aliyelitia mdomoni mwake kwa nguvu.

"Maji, ndiyo! Maji yamekwisha! Umeona, mwanangu, umeona!"

Dayra alitoka mbio miguu mitupu mpaka shambani. Galo alifika akihema, jembe bado liko begani.

"Kasema nini? Sema tena, baba, sema!"

Fausto alimtazama, akanyamaza kabisa. Ilibidi Galo amimine maji kikombeni na kuyanywa mbele yake, polepole, kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kwenye cha nne ndipo mtoto alipomhurumia.

"Mai," alisema.

Galo alikaa chini pale pale sakafuni, tumbo limejaa maji, macho yamejaa vilevile.

Ilipofika sikukuu ya Petro na Paulo, Dayra alikuwa ameandika maneno ya mdogo wake ukutani kwa mkaa. Yalikuwa kumi na matano. La mwisho lilikuwa "sitaki," na ndilo Fausto alilolipenda kuliko yote. Nelcy aliyasoma moja moja.

"Kwa mtaalamu bado mtakwenda," alisema. "Siku yake ikifika, mkamwonyeshe. Lakini mmeanza vizuri sana."

Mwezi ulikuwa umetimia, na ahadi ni ahadi. Alasiri, waliporudi kutoka kwenye maandamano ya watakatifu, Galo aliondoa gunia. Mama Eudocia alijiweka sawa kwenye kiti chake, kitambaa kipya kichwani. Televisheni ikawaka. Bibi harusi alikuwa pale pale, analia kwa ajili ya mume yule yule.

Fausto aliisogelea televisheni. Alisimama mbele yake, mdomo wazi kama zamani. Halafu akageuka, akaenda mezani, akachukua kikombe kwa mikono miwili na kurudi nacho kikimwagika. Akamwinulia yule mwanamke anayelia.

"Maji?" alimuuliza.

Akamsubiri. Nyumba nzima ilimtazama akisubiri. Bibi harusi aliendelea kulia, akageuka, akaondoka zake. Fausto alikunja uso. Akamwinulia kikombe tena, juu zaidi.

"Maji?"

Mama Eudocia aliinuka kwenye kiti chake. Magoti yalilia, lakini hakungoja kusaidiwa. Alikwenda mpaka kwenye televisheni, akaizima mwenyewe.

"Mwanamke huyu hana adabu," alisema. "Mtoto wa watu anamsemesha, yeye kimya! Nitamtazama kwenye marudio ya saa moja usiku, wewe ukishalala. Mchana simtaki hapa."

Kisha akachuchumaa taratibu, mpaka macho yake yakawa sawa na ya mjukuu wake.

"Nipe mimi, mume wangu. Mimi nina kiu."

"Bibi," alisema Fausto, na hilo lilikuwa la kumi na sita. Akampa kikombe, naye akayanywa maji yote.