Salamu ya Kwenye Ngazi

Delaney Hruska alikuwa anashuka ngazi na kapu la nguo chafu alipoulizwa kwa upole, "Mzima wewe?"

Sauti ilitoka nyuma yake, juu pale ngazi zinapokata kona kuelekea bafuni. Naye, badala ya kujibu na kupita, akaweka kapu chini. Alikuwa na siku tisa tu Uingereza, na hakuna aliyekuwa amemjulia hali kwa sauti ya namna ile. Akasema hapana, si mzima sana. Halali vizuri, maharage ya asubuhi yanamvuruga tumbo, na anamkumbuka mama yake mpaka kifua kinambana. "Kisha?" iliuliza sauti. Akaendelea. Alipomaliza alibeba kapu lake mpaka jikoni, na huko akawakuta Imogen na Toby wamekaa mezani wanakula mkate uliochomwa. Nyumba ile ilikuwa na wapangaji watatu, naye ndiye aliyekuwa wa tatu.

"Nani yuko juu?" aliuliza.

"Hakuna mtu," alisema Imogen, akipaka siagi mpaka kwenye kona za mkate.

"Yupo. Kanisalimia."

Toby alitazama ndani ya kikombe chake. "Ukamjibuje?"

"Nimemwambia ninavyojisikia. Nimwambie nini kingine?"

Wale wawili wakatazamana. Kisha Imogen akamuuliza kama anataka chai.

Niseme wazi, maana mtaa mzima tulijua na mtaa mzima tulinyamaza. Kwetu Sheffield mtu akikuuliza "Mzima wewe?" hataki habari zako. Unajibu "Mzima, wewe je?" bila kupunguza mwendo, hata kama damu inakutoka masikioni. Tunajisifia adabu hiyo, na wala si adabu, ni uvivu wa moyo. Delaney naye alikuwa ametoka Nebraska na ugonjwa wa upande wa pili: domo lisilo na kifuniko. Tangu ana miaka kumi na miwili alipelekwa kila Alhamisi kwa mshauri, akakalishwa kwenye kochi aeleze hisia zake, akakua akiamini kwamba kila anayeuliza anataka kujua. Msichana wa dukani alimuuliza "Mzima?" huku akipitisha maziwa kwenye mashine, akasimuliwa habari za kukosa usingizi mpaka foleni ikafika mlangoni. Mhadhiri wake aliuliza hivyo hivyo kwenye korido, akabanwa robo saa nzima, na tangu siku hiyo akawa anapitia mlango wa nyuma kama mwizi. Ilipofika Novemba hakuna aliyethubutu kumsalimia tena, isipokuwa huko ngazini.

Kilichomponza ni kwamba ilimsaidia. Alipoiambia ile sauti jinsi anavyomkumbuka mama yake, usiku huo alilala fofofo, na asubuhi ile hamu ya nyumbani haikuwepo tena. Basi akakolea. Akaisimulia mazishi ya baba yake: Februari ile ardhi ilivyokuwa imeganda mpaka kaburi likachimbwa kwa mashine, na mama yake alivyosimama kwenye theluji na viatu vyake vya kazi, vya kuendeshea basi, kwa sababu hakukumbuka kubadilisha. Alilia sana siku hiyo. Kesho yake alikuwa mwepesi, anapiga mluzi jikoni.

"Nyumba yenu ina mshauri bora kuliko wangu wa kwetu," alimwambia Toby.

Toby akafunga mlango wa jikoni taratibu. "Usiongee nayo, bwana," alinong'ona.

"Kumbe unaijua!"

"Sijasema naijua. Nasema ukisalimiwa, sema mzima, upite. Basi."

"Kwa nini?"

"Ndivyo tunavyofanya." Akachukua kikombe chake akaondoka.

Hilo ndilo onyo lote alilopewa. Kijana wa miaka ishirini na mmoja, anasomea sheria, atakuja kusimama mahakamani siku moja kutetea watu, na hicho ndicho kiasi cha ujasiri alichoweza kukusanya.

Novemba huku jua linazama saa kumi jioni, kama linatukimbia. Saa hiyo Delaney alikuwa anarudi kutoka darasani, anavua viatu, anakwenda kukaa kwenye ngazi ya saba bila kuwasha taa. Palikuwa na harufu pale: sufu iliyolowa na majivu ya jiko lililozimwa siku nyingi. Ile sauti haikujua maneno mengi. Ilijua "Mzima wewe?" na "Kisha?", na siku zilivyokwenda ikajifunza neno jingine, "Na mama?" Alijibu yote. Ukuta wa kwenye kona ulikuwa na unyevu, na Imogen, aliyekuwa akipita pale mbio na taulo kichwani, aliona kwamba kila siku ule unyevu ulikuwa umeshuka kidogo kumwelekea msichana, wala hakusema neno.

Jumapili moja mama yake alipiga simu. Joleen Hruska alikuwa dereva wa basi la shule katika mji wenye maghala mawili ya nafaka na kanisa moja, na siku hiyo alikuwa amejifunga skafu shingoni, ametoka nje kwenye baridi.

"Nimetoka kuweka maua," alisema. "Nikaona nikupigie. Leo tusikae kila mtu peke yake."

"Maua ya nini?"

"Delaney. Leo ni siku ya baba yako ya kuzaliwa."

"Aa," alisema Delaney. "Pole sana."

Alilisema vizuri, kwa upole, kama unavyomwambia mtu usiyemjua aliyedondosha mwavuli. Upepo ulisikika kwenye simu.

"Mwanangu, una nini?"

Ndipo Delaney akatafuta. Alijua kwamba alikuwa na baba, kama unavyojua mji mkuu wa nchi fulani. Lakini uso haukuwepo, mikono haikuwepo, jeneza halikuwepo, na pale vilipopaswa kuwa palikuwa laini, pamepigwa deki. Akakata simu, akashuka mbio mpaka jikoni akipita ile kona amefumba macho.

"Inachukua," aliwaambia. "Ninachokisimulia kinachukuliwa. Mlijua?"

Imogen alikuwa anakunja kitambaa cha vyombo. Alikikunja mara nne.

"Mlijua?"

"Tungekwambia nini, mpenzi?" alisema Imogen kwa sauti ndogo. "Karibu, jiko lile pale, na kwenye ngazi kuna jini?"

"Ndiyo! Hivyo hivyo!"

"Ungetuona vichaa," alisema Toby.

"Kabla hujaja ilikuwa inanifuata mpaka mlangoni kwangu," Imogen alinong'ona, macho kwenye kitambaa. "Inauliza mara tatu, mara nne. Nimelala na mziki masikioni mwaka mzima. Ulipokuja ikatuacha. Tulikuwa tumechoka, Delaney."

"Na aliyekuwa chumbani kwangu?"

Toby akasema alikuwa mtu mmoja anaitwa Dominic, mtu wa Kent, muongeaji vilevile. Mwaka uliotangulia baba yake alikuja kumchukua kwa gari, na Dominic akamsaidia kupakia mizigo vizuri tu, halafu akamuuliza jina lake.

"Na mkanipa chumba chake."

"Ndicho chenye dirisha kubwa," alisema Toby, na nadhani kweli aliona hilo ni jibu.

Siku iliyofuata wakaleta padri, mstaafu mwenye koti la mvua. Alinyunyiza maji kwenye ngazi ya kwanza hadi ya tano. Alipofika ya sita sauti ikamuuliza, "Mzima wewe?" Padri akajibu, "Mzima, asante," akageuka, akasema nyumba iko salama, akapanda baiskeli yake. Mtumishi wa Mungu huyo!

Delaney angeweza kuhama. Hata akafunga sanduku. Lakini kwenda wapi, kwa nani, katika mji ambao kila mtu alikuwa amejifunza kumkwepa? Akaamua atafanya kama wenyeji. Siku ya kwanza aliulizwa, akasema "Mzima," akapita. Ya pili vilevile. Siku ya tatu aliandika kwenye karatasi kila alichobaki nacho juu ya mama yake, akaibandika juu ya kitanda: kovu la kidevuni, mikate midogo yenye jamu ya plamu, jinsi anavyoimba akiwa nyuma ya usukani na kunyamaza kwenye kila kituo. Aliisoma mara kumi, akalia kwa woga, maana ndicho alichokuwa amebakiwa nacho duniani na hakukubali kiguswe.

Siku ya nne, saa kumi na nusu jioni, alitoka bafuni na nywele mbichi, akakuta taa ya korido imezimika na ile harufu ya sufu imejaa mpaka kooni, na alipokanyaga ngazi ya kwanza kushuka alihisi kuna kitu kimekaa pale anapokaa yeye, hakikuonekana lakini mbao zilikuwa zimebonyea chini yake, na kikauliza, "Mzima wewe?" akasema mzima, kikauliza tena akasema mzima, mzima kabisa, akashika ukuta na ukuta ulikuwa umelowa na una joto kama ngozi ya mtu mwenye homa, na chini jikoni alisikia Imogen na Toby wameongeza sauti ya redio, akawaita kwa majina, redio ikapanda zaidi, kisha kile kitu kikasogea kumpa nafasi, kwa heshima, kama anavyosogea mtu kwenye benchi, kikauliza kwa sauti ambayo mwaka huo mzima hakuna mtu mwenye nyama na damu aliyemtolea, sauti inayotaka kweli kujua, "Na mama?" Akakaa. Akijua anachofanya, akilia, akasema, "Mama ana kovu hapa kidevuni."

"Kisha?"

Akatoa vyote.

Imogen alimkuta pale saa mbili, amekaa ametulia, ananusa nywele zake kana kwamba ni za mtu mwingine. Na hapo, nimpe haki yake, yule binti akafanya jambo moja la utu: alichukua simu ya Delaney akampigia Joleen. Alianza kwa kuomba radhi kwa usumbufu. Aliomba radhi mara saba kabla hajamwambia aje.

Joleen alifika Ijumaa mchana, ametoka kiwanja cha ndege kwa treni mbili na teksi, kofia ya manyoya kichwani na mvua ikimchuruzika mabegani. Aligonga. Aliyefungua ni Delaney.

"Habari za mchana," alisema Delaney, akitabasamu. "Unamtafuta nani?"

Joleen akafungua mikono, kisha mikono ikabaki hewani. "Ni mimi, mwanangu. Mama."

"Ingia ndani, utalowa. Nyumba yetu ina baridi kidogo, utuwie radhi."

Alizungumza kwa ustaarabu mkubwa. Hakueleza hisia yoyote. Wenzake walikuwa wamesimama mlangoni mwa jiko, na walau Toby alikuwa analia kimyakimya, kwa manufaa gani sijui. Joleen akamshika binti yake uso kwa viganja vyote viwili, akamtazama jicho moja, akamtazama la pili, na yule msichana akavumilia kushikwa kama anavyovumilia mtu aliyefunzwa adabu. Hakukuwa na mtu ndani ya macho yale.

Ndipo juu, pale kwenye kona, pakasemwa, "Mama?"

Ilikuwa sauti ya Delaney. Ile ya Nebraska, yenye kukimbilia maneno.

"Mama, unaikumbuka ile siku basi liliserereka likaingia mtaroni? Watoto wote tulikuwa tumeshawashusha, tumebaki mimi na wewe. Ukasema tusiogope, tukae tule sandwichi yako. Ukanipa upande wenye nyama nyingi ukadhani sikuona. Niliona, mama."

Joleen aliachia ule uso aliokuwa ameushika.

"Usiijibu," Imogen alimnong'oneza, akamshika mkono wa koti. "Tafadhali, mama. Sema mzima, upite. Mtoto wako ni huyu hapa."

"Huyu?" alisema Joleen. Akamtazama msichana aliyekuwa anamnyooshea kitambaa cha kujifutia mvua. Akatazama juu gizani. "Sikuwahi kumwambia mtu yeyote habari za sandwichi ile."

"Mama, hapa kuna baridi," ilisema sauti. "Siwezi kushuka."

Joleen akavua kofia. Akapanda, ngazi moja baada ya nyingine, akishika ukuta uliolowa, na alipofika ya saba akageuka akakaa chini, akaweka koti lake pembeni yake kama anayemfunika mtu. Sisi majirani tuliomsikia kupitia ukuta tunajua alianza kujibu, na hakuacha mpaka kukawa giza, wala Jumamosi, wala Jumapili.

Delaney alirudisha mlango wa jikoni taratibu ili wasisumbuliwe.

"Maskini yule mama," alisema. "Anamlilia nani?"

Imogen alilijua jibu. Alimwambia maziwa yameisha.