Aliyeitika Ukunguni

Giza lilikuwa linaanza kuingia tuliporudi kuchukua sweta.

Ilikuwa sweta tu. Ya waridi, yenye kifungo kimoja kilicholegea. Tep aliivua mchana kule hekaluni akaisahau kwenye ngazi, na sasa kilele cha Hon Suong kilikuwa kimepoa na mtoto alikuwa anapiga chafya. Khuong, kijana aliyekuwa akituongoza siku ile, alitutolea macho.

"Mama, vijigari vya mwisho vya waya vinashuka sasa hivi. Mkichelewa mtalala na masanamu."

"Tunakimbia na kurudi," nikamwambia.

"Mama Mkubwa hawezi kukimbia," Tep akasema. "Magoti yake yanalia kama mlango."

Kundi zima likacheka. Hata mzee Quyet, aliyekuwa akinung'unika tangu asubuhi kwamba supu ya mlimani ni maji ya kunawia, naye alicheka. Tukaondoka tumeshikana mikono.

Tep ni mtoto wa mdogo wangu, Nhai. Alikuwa na miaka sita. Nhai alimpata baada ya mimba mbili kuharibika, na mume wake yuko kwenye meli za watu, anaonekana nyumbani mara moja kwa mwaka. Asubuhi ile alishindwa kuja kwa sababu cherehani yake ilikuwa imezungukwa na nguo za maharusi. Alinikabidhi mtoto mlangoni, akamfunga kamba za viatu, kisha akaniambia, "Dada, nimekupa roho yangu. Nirudishie jioni."

Tep maana yake ni uduvi. Ni jina la nyumbani tu. Kwetu mtoto anayependwa sana hupewa jina baya la kuitiwa, ili wale wanaopita bila kuonekana wakilisikia wasimtamani. Jina lake halisi haliitwi ovyo, na mlimani haliitwi kabisa. Lakini asubuhi, ndani ya basi, Khuong alimtania: "Uduvi? Nani kakuonea hivyo?" Tep akapanda juu ya kiti akatangaza, "Mimi naitwa Tong Bao Nghi!" Basi zima likampigia makofi. Tulikuwa bado mjini Da Nang. Nikajiambia, mjini hakuna neno.

Hekalu la Bibi wa Mlima liko nyuma ya ukumbi wa chakula. Lilikuwapo zamani, kabla ya majumba ya saruji yaliyojengwa kwa mfano wa Ulaya, kabla ya wale farasi wa plastiki wanaozunguka kwa muziki. Walipojenga hayo yote walilibakizia kiuwanja kidogo tu. Mchana huwa kuna foleni ya watu wanaochoma udi na kupiga picha.

Saa ile hapakuwa na mtu.

Tulipoupita ukumbi, ukungu ukashuka. Haukuja kidogo kidogo. Ulishuka mara moja, mweupe, wenye unyevu, na muziki wa farasi ukakatika katikati ya wimbo. Nikasikia harufu ya kuvumwani inayoota kwenye mawe, na udi uliolowa.

Kisha nikasikia ufagio.

Shh... shh... shh...

Mwanamke alikuwa anafagia kiuwanja. Mzee kidogo, amevaa nguo za kahawia, amejifunga kitambaa kichwani. Nikadhani ni mfanyakazi wa pale. Alifagia kwa utulivu, polepole, kama mtu asiye na mahali pengine pa kwenda. Lakini vigae vilikuwa vitupu. Hapakuwa na jani hata moja.

Sweta ya Tep ilikuwa mkononi mwake.

"Mtoto mzuri," akasema. Hakututazama sisi, alitazama vigae. "Mnene. Mweupe. Nywele nyingi."

Nikangoja. Kwetu hakuna anayemsifu mtoto hivihivi. Mtu hutanguliza neno la kuomba radhi, ili vipitavyo visione wivu. Hata mlevi hulikumbuka neno hilo. Mwanamke yule hakulisema.

"Tumefuata sweta, bibi," nikasema.

"Anaitwa nani?"

"Tep."

"Hilo si jina."

"Ndilo tunalomwita."

Akaacha kufagia. "Lile jingine," akanong'ona.

Tep akafungua mdomo. Nikauziba kwa kiganja changu.

Wakati huohuo, kutoka upande wa kituo, kipaza sauti cha Khuong kikakoroma, kisha kikaita:

"Tong... Bao... Nghi! Tong Bao Nghi, uko wapi? Gari linaondoka!"

Mwanamke akafumba macho. Akameza mate, kama mtu aliyekuwa na kiu siku nyingi.

Na kutoka ndani ya ukungu, nyuma ya hekalu, mtoto akaitika.

"Abeee!"

Ilikuwa sauti ya Tep.

Mkono wangu mmoja ulikuwa umemshika Tep. Kiganja cha mwingine bado kilikuwa mdomoni mwake.

Na Tep hakuwahi kuitika "abee" tangu ajue kusema. Ukimwita hujibu, "Nini tena?" Mama yake amemgombeza kwa hilo mpaka amechoka.

Sijui niliichukuaje sweta. Nakumbuka tu kwamba ilikuwa na joto, joto la nguo iliyovuliwa sasa hivi, katika baridi ile. Nikamvisha Tep, nikambeba, nikakimbia na magoti yangu mabovu. Nyuma yangu ufagio ukaanza tena. Shh... shh... Sikugeuka.

Kijigari chetu, kikining'inia kwenye waya, kilikuwa na watu watatu: mimi, Tep na Khuong, ambaye huwa anashuka wa mwisho. Mlango ukajifunga. Tukaingia ndani ya wingu, na nje ya vioo hapakuwa na kitu, ila weupe.

Tep alikaa mapajani mwangu bila kusema neno. Asubuhi, wakati wa kupanda, alihesabu miti, akauliza kama nyani hulipa nauli, akabandika pua kwenye kioo. Sasa macho yake yalikuwa wazi, lakini yalikuwa hayaangalii kitu. Nikamshika mkono. Baridi. Na alikuwa mwepesi... mwepesi kama nguo iliyokaushwa juani.

Khuong alikuwa amejikunyata pembeni. Utani wote ulikuwa umemtoka.

"Mama," akanong'ona. "Mlipita njia gani kurudi?"

"Ile ile. Pembeni ya ukumbi."

"Nilipoita aliitika. Nikamwona anakuja kutoka upande ule mwingine, kwenye miti. Fulana ya njano, viatu vyekundu. Nikampungia mkono. Naye akanipungia."

Tep alikuwa na fulana ya njano. Viatu vyake vilikuwa vyekundu.

"Halafu?"

"Halafu ninyi mkatokea upande huu." Akafuta jasho. "Nikatazama tena kwenye miti..."

"Nyamaza, mwanangu," nikamwambia. "Usimalize."

Tulipofika chini, Tep hakuweza kusimama. Nilimsimamisha akakunjika. Wenzetu wakatuzunguka. Mtu akasema ni baridi, mwingine akasema ni mwinuko, mpakeni mafuta ya kuchua. Mzee Quyet alikuja akilalamika, "Sasa tunangoja nini tena, foleni ya Da Nang itatumaliza..." kisha akamwona mtoto. Akavua kofia.

"Nani ameliita jina lake huko juu?"

Khuong akainamisha kichwa.

Mzee hakumgombeza. Akafungua mfuko wake akatoa wali wa kunata uliofungwa kwenye jani la mgomba, na yai la kuchemsha. "Nilijiwekea ya njiani. Shika, mama. Mwite mtoto. Mwite kabla hawajazima mashine. Wakizima, atashukaje?"

Nikaelewa. Fundi wa mitambo, kijana aliyevaa kofia ngumu, alikuwa ameshaweka mkono kwenye kitufe. Vijigari vya mwisho vilikuwa vinashuka vitupu, kimoja baada ya kingine. Vikifika chini mlango unafunguka, unajifunga, vinazunguka na kurudi juu.

"Kaka, tupe muda kidogo," Khuong akamwambia.

"Kuna taratibu hapa, bwana. Watu wameshaisha."

"Hawajaisha," mzee Quyet akasema.

Fundi akamtazama Tep. Alimtazama kitambo. Kisha akaondoa mkono kwenye kitufe, akaketi.

Nikamvua Tep sweta, maana kumwita aliyepotea kunahitaji nguo yake, nikampa Khuong ambebe. Nikashika sweta mkono mmoja, wali na yai mkono wa pili, nikasimama kwenye ukingo wa jukwaa, nikaanza kuita kama mama yangu alivyokuwa akituita sisi tulipoanguka au kushtuka. Msichana ana roho tatu na pumzi tisa. Zote huitwa.

"Roho tatu, pumzi tisa za Tep! Kama mko mwituni, tokeni. Kama mko majini, vukeni. Rudini mle wali, rudini mle yai. Rudini kwa mama yenu, anangoja mlangoni!"

Kijigari kikafika. Kitupu. Kikafunguka, kikajifunga, kikaondoka.

Nikaita tena. Kingine. Kitupu.

Nyuma yangu nilimsikia mzee Quyet naye akiita kwa sauti ya chini, kisha Khuong, kisha watu wa basi mmoja mmoja, watu nisiowajua hata majina: Tep, rudi. Tep, njoo ule. Tep...

Halafu kikatoka winguni kimoja kilichoinama.

Kilikuwa kimeinama upande wa dirishani, kama kinavyoinama mtu anapokaa na kubandika pua kwenye kioo. Hakukuwa na mtu ndani. Kikafika chini taratibu. Mlango ukafunguka. Harufu ya udi ikatupita usoni.

Mikononi mwa Khuong, Tep akavuta pumzi ndefu. Khuong alipepesuka.

"Amekuwa mzito," akasema. "Mama, amekuwa mzito!"

"Njaa," Tep akasema.

Watu wakapiga kelele za furaha. Mzee Quyet akaketi chini kwenye saruji na kujifuta machozi kwa kofia yake. Nilimkumbatia mtoto na kumlisha yai kwa vidole vyangu. Mwili ulikuwa na joto. Macho yalinitazama.

Nilipoinua kichwa, nikamwona fundi amesimama. Alikuwa anatazama juu.

Kijigari kilichofuata kilikuwa kinatoka winguni.

Nacho kilikuwa kimeinama.

Fundi hakuuliza mtu. Alibonyeza kitufe. Mashine zikanyamaza, waya ukatetemeka, na kijigari kile kikabaki kinaning'inia juu ya miti, kikiyumba taratibu, kikiwa kimeinama upande wa dirishani.

"Twendeni," mzee Quyet akasema. "Msitazame. Twendeni, twendeni."

Ndani ya basi nilimpakata Tep mpaka taa za mji.

Nilimrudisha Tep kwa mama yake jioni ileile kama nilivyoahidi. Nhai alikuwa mlangoni na sindano mdomoni. Sikumwambia. Ningeanzia wapi? Akamwita, "Tep! Njoo nikuone!"

"Abee, mama," Tep akajibu.

Nhai akacheka mpaka sindano ikamdondoka. "Dada, mlimpeleka mlimani au shuleni?"

Siku zikapita. Tep alikula vizuri. Alicheza, aliimba, aliandika herufi zake kwa mwandiko safi kuliko zamani. Majirani walimsifu, wakitanguliza neno la radhi. Mimi nilikuwa nakwenda kila siku. Nilijifanya naleta mboga, naleta uzi, naleta samaki. Nilikuwa namwangalia. Usiku sikulala vizuri. Nilikuwa naona waya, na kitu kinachoyumba.

Jana nilikwenda mchana, ile saa ya jua kali ambapo mtaa wote umelala. Nhai alikuwa jikoni, anachambua mchicha wa maji, na Tep amelala mkekani upande wa pili wa mlango. Hakuinua kichwa.

"Dada," akasema kwa sauti ya chini. "Huko mlimani kulitokea nini?"

Nikamweleza. Yote. Ufagio, jina, vijigari viwili. Aliendelea kuchambua. Vidole vyake vilikuwa vinakata majani mazima na kuyatupa pamoja na mabovu.

"Nilijua kuna kitu," akanong'ona. "Tangu azaliwe hajawahi kulala bila kunishika sikio. Hili la kushoto. Hulikunja hivi, hulisugua, mpaka usingizi umchukue. Tangu mrudi hajalishika hata siku moja. Analala chali, mikono kifuani, kama mgeni." Akavuta fungu jingine la mchicha. "Nimemngoja, dada. Kila siku namsogezea sikio."

Nilimshika bega.

Akanawa mikono, akaenda kujilaza mkekani kando ya mtoto, chini ya feni. Mimi nilibaki kwenye kizingiti cha jikoni. Tep alikuwa amelala chali, amefumba macho. Feni ilizunguka. Nje hata mbwa alikuwa kimya.

Kisha mkono mdogo ukainuka. Taratibu. Ukapapasa shavu la Nhai, ukapita kwenye nywele, ukalipata sikio la kushoto. Ukalikunja. Ukaanza kulisugua.

Nhai alinitazama juu ya kichwa cha mwanawe. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka mkekani, na alikuwa anatabasamu. "Unaona?" midomo yake ikasema bila sauti. "Amekumbuka. Ni yeye."

Nikaitikia kwa kichwa. Nikachukua kapu langu nikatoka.

Sikumwambia kwamba muda wote tulipokuwa tukinong'ona, mlango wa jikoni ulikuwa wazi.